Beki Mrefu wa Port of Spain

Jioni ya tarehe 10 Juni 2006 tulibanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza kimoja mtaani kwetu, tukitazama Uswidi ikicheza na Trinidad na Tobago huko Dortmund, mechi yao ya kwanza katika Kombe la Dunia la mwaka ule. Wengi tulikwenda kwa ajili ya Uswidi. Walikuwa na Ibrahimović, walikuwa na Larsson, walikuwa na Ljungberg. Upande wa pili tulimjua Dwight Yorke tu, kwa miaka aliyochezea Manchester United. Kipindi cha pili kilipoanza tu, beki wao wa kushoto, Avery John, akaonyeshwa kadi ya pili ya njano akatoka. Watu wakaanza kubashiri idadi ya mabao yatakayofuata.

Hayakufuata. Krosi zilimiminwa ndani ya kumi na nane, na mara nyingi aliyeutangulia mpira alikuwa mtu mmoja, mrefu kuliko wote waliokuwa uwanjani. Mzee aliyekaa mbele yangu akauliza, "Yule mrefu nani?" Kijana wa pembeni akamjibu, "Kitasa wao." Mzee akaridhika. Mechi ikaisha 0-0, tukatoka tukimsifu kipa, Shaka Hislop, ambaye hata hakupangwa kuanza. Aliingizwa baada ya Kelvin Jack kuumia wakati wa kupasha misuli. Hislop alistahili sifa zote. Lakini njia nzima hadi nyumbani sikusikia mtu yeyote akilitaja jina la yule mrefu, wala mimi sikulitaja, kwa kuwa sikulijua.

Anaitwa Dennis Lawrence. Tangu hapo nimefuatilia maisha yake ya mpira kama mtu anayefuatilia deni, kwa sababu naamini jioni ile tulimdhulumu, kama tunavyowadhulumu mabeki wengi. Hatukukusudia ubaya. Ila hatuna daftari la kuwaandika.

Alizaliwa Port of Spain tarehe 1 Agosti 1974. Kwao siku hiyo ni sikukuu: tangu 1985 nchi nzima hupumzika kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Mpira wake wa utu uzima aliuchezea Defence Force, klabu ya jeshi, na si klabu ndogo. Imewahi kuwa bingwa wa vilabu wa CONCACAF mara mbili, 1978 na 1985. Alikaa huko hadi mwaka 2001, ndipo Wrexham ya Wales ikamchukua. Alikuwa na miaka 26.

Umri huo nauwaza sana. Mchezaji wa kwetu akifika miaka 26 bila kuonekana, ndugu huanza kumwambia atafute kazi, na mawakala huacha kupokea simu zake. Straika humaliza hamu ya watu mapema: ana miaka 19 na kasi, basi anauzika. Beki wa kati huiva polepole. Anahitaji kuwa amekosea mara nyingi mbele ya watu, akajua mpira wa juu unadondoka wapi upepo ukiwa wa pembeni, na mshambuliaji anayejifanya kachoka ana nini moyoni. Mambo hayo hayafundishwi kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo ile miaka ambayo wengine wangesema ilipotea kule Defence Force, mimi nasema ndiyo iliyomjenga.

Wrexham ni mji wa kaskazini mwa Wales uliokua kwa makaa ya mawe. Siku hizi unajulikana hata kwa watu wasiotazama mpira, tangu waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney walipoinunua klabu mwaka 2021 na kuifanyia filamu. Wakati wa Lawrence hapakuwa na kamera hizo. Kulikuwa na uwanja wa kale, Racecourse Ground, na kocha Brian Flynn aliyekuwa ameshawaleta Watrinidadi wawili, Carlos Edwards na Hector Sam. Lawrence akawa wa tatu. Mgeni akimkuta wa kwao ugenini, nusu ya baridi humtoka.

Akakaa miaka mitano, akacheza karibu mechi 200 za ligi. Mwaka 2003 walipanda daraja. Kisha madeni yakaielemea klabu, na Desemba 2004 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Ligi ikawakata alama 10, adhabu ambayo hakuna klabu ya ligi hiyo iliyokuwa imewahi kupewa kwa kosa hilo. Aprili 2005 wakaenda Cardiff na kutwaa kombe la LDV Vans kwa kuifunga Southend 2-0 katika muda wa nyongeza. Majuma machache baadaye wakashuka daraja. Ukizihesabu alama zao na kuzirudisha zile 10, wangebaki. Walishushwa na hesabu za fedha ambazo hakuna mchezaji aliyezitia saini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba Novemba 2005, Dennis Lawrence alikuwa beki wa timu ya daraja la nne.

Hapa nisimame kidogo niliseme lililo moyoni. Bao lina dakika yake. Lina mfungaji na lina aliyetoa pasi, na ukitaka kulitafuta baada ya miaka 40 utalikuta kwenye karatasi. Bao lisilofungwa halina tarehe. Beki akisogea hatua mbili kushoto kabla pasi haijapigwa, mpigaji akaghairi na kurudisha mpira nyuma, hapo hakuna kilichotokea. Mtangazaji atasema timu ile imekosa ubunifu. Beki ndiye aliyeufuta ubunifu huo, naye hatajwi. Na kadiri anavyokuwa bora ndivyo anavyoonekana hana kazi, kwa sababu yule anayerukia miguu ya watu dakika ya mwisho mara nyingi ni yule aliyechelewa kuona. Watangazaji wetu wana sifa nzuri ya beki kisiki. Naipenda, maana anayejikwaa kwenye kisiki anakijua vizuri kuliko wanaotazama kutoka mbali. Lakini kisiki hakisogei, na kazi ya beki karibu yote ni kusogea.

Ili kuelewa kilichotokea Bahrain mwezi huo wa Novemba 2005, lazima kwanza turudi Port of Spain, tarehe 19 Novemba 1989. Trinidad na Tobago walihitaji sare tu dhidi ya Marekani, nyumbani kwao, ili waende Italia kwenye Kombe la Dunia. Uwanja ulijaa kupita kiasi, watu wamevaa nyekundu kuanzia asubuhi. Katika kikosi cha kocha Everald "Gally" Cummings walikuwemo vijana wawili, Dwight Yorke na Russell Latapy. Dakika ya 31 Paul Caligiuri, kiungo wa kukaba wa Marekani, akapiga shuti la mguu wa kushoto kutoka mbali, mpira ukapanda juu kisha ukadondoka nyuma ya kipa Michael Maurice. Moja bila. Ndivyo ilivyoisha. Mashabiki walikaa kwa heshima kiasi kwamba FIFA iliwapa tuzo ya mchezo wa kiungwana. Tuzo ni jambo jema, ila taifa la watu wasiofika milioni moja na nusu lilibeba mpira ule mmoja kifuani kwa miaka 16. Lawrence siku hiyo alikuwa na miaka 15.

Mwaka 2005 timu ikaanza vibaya kampeni ya kufuzu, akaletwa kocha Mholanzi, Leo Beenhakker. Yorke akarudi, Latapy naye akarudishwa akiwa mtu mzima kabisa. Wakafika mechi mbili za mwisho, dhidi ya Bahrain. Ya kwanza, nyumbani, tarehe 12 Novemba, walitanguliwa kufungwa, Chris Birchall akasawazisha kwa shuti la mbali. 1-1. Siku nne baadaye, ugenini, ilibidi wafunge.

Dakika ya 49 wakapata kona. Mtu ambaye hajacheza nyuma huenda asijue uzito wa beki wa kati kupanda kwenda kupokea kona. Anaacha nyumba wazi. Anatembea urefu wa uwanja akijua kwamba mpira ukikatwa, atatakiwa kurudi mbio kwa miguu ile ile mirefu isiyoumbwa kwa mbio, akimfukuza kijana mwepesi. Kila kona ni mkopo anaokopa kutoka kwenye kazi yake. Lawrence, mita 2 na sentimita moja, akapanda. Yorke akaupiga mpira wa kona. Lawrence akaruka juu ya watu, akaushusha kwa kichwa, nyavu zikatikisika.

Bao hilo limeonyeshwa mara elfu, na litaonyeshwa tena. Ninavyoona mimi, si jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya usiku ule. Kubwa lilikuwa kurudi. Baada ya kushangilia, baada ya kurukiwa na wenzake, ilimbidi atembee tena ule urefu wa uwanja, asimame alipokuwa, na kwa dakika 41 zilizobaki na za nyongeza alinde bao lake mwenyewe kana kwamba ni la mtu mwingine. Straika akifunga bao la namna ile anaruhusiwa kulewa furaha. Beki hapewi hata dakika moja. Mwishoni kabisa Bahrain waliusukumia mpira wavuni na mwamuzi akalikataa bao, uwanja ukachafuka, na bado ilibidi mechi imaliziwe. Zile dakika 41 hakuna anayeziweka kwenye picha za kumbukumbu. Filimbi ilipolia, Trinidad na Tobago ikawa nchi yenye watu wachache kuliko zote zilizowahi kufuzu Kombe la Dunia hadi siku hiyo. Serikali ikatangaza mapumziko ya kitaifa.

Kule Ujerumani alisimama pamoja na Brent Sancho katikati ya ulinzi, na siwezi kumwandika mmoja bila mwingine. Baada ya ile sare ya Dortmund, tarehe 15 Juni, walikutana na England huko Nuremberg. Kipindi cha kwanza kikikaribia kuisha, kichwa cha Stern John kiliuelekeza mpira golini na John Terry akauondoa kwenye mstari. Kama Terry angechelewa kidogo, huenda leo tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine. Beki tena, na tena jambo ambalo halikutokea. Wakastahimili hadi dakika ya 83. Ndipo Beckham alipoleta krosi na Peter Crouch akaruka, mkono wake ukiwa umeshika rasta za Sancho. Mwamuzi hakuona. Picha ziliona. Crouch ana urefu ule ule wa Lawrence, lakini aliyeruka naye alikuwa Sancho, na Sancho alivutwa chini kwa nywele zake. Gerrard akaongeza la pili dakika za majeruhi. Siku tano baadaye, dhidi ya Paraguay, Sancho akajifunga, wakalala 2-0 na kurudi nyumbani bila bao hata moja.

Mabeki wawili, begani kwa bega, kazi moja. Mmoja anakumbukwa kwa bao la Bahrain. Mwingine anakumbukwa kwa nywele zilizovutwa na mpira uliomgonga ukaingia. Bado yote waliyoyazuia pamoja kule Dortmund ni mali yao wote wawili kwa usawa. Nikimfikiria Sancho nashikwa na uchungu wa kweli. Baadaye, mwaka 2015, aliwahi kuwa waziri wa michezo wa nchi yake, nami nilifurahi kusikia kwamba nchi ilimwona kwa jicho pana kuliko lile la kamera. Yeye na wenzake kadhaa walikuwa pia wamelazimika kulipeleka shirikisho lao la mpira mbele ya wasuluhishi mjini London kudai marupurupu yao ya Kombe la Dunia, na mwaka 2008 uamuzi ukawapa haki. Waliolitoa taifa zima barabarani kucheza ngoma walihitaji wanasheria ili walipwe. Hilo halihitaji maelezo kwa msomaji yeyote wa Afrika Mashariki.

Baada ya Ujerumani Lawrence akahamia Swansea. Huko akawa chini ya Roberto Martínez, na mwaka 2008 Swansea wakatwaa ubingwa wa daraja la tatu. Pale, nadhani, ndipo kitu kilipotokea ambacho hakimo kwenye takwimu. Martínez ni kocha wa pasi na mipira ya chini, na ungedhani beki mrefu kutoka daraja la nne hana nafasi katika mawazo yake. Kumbe alimwona. Alipokwenda Wigan alimchukua kwenye benchi la ufundi. Beki wa kati kwa miaka yote husimama mahali ambapo uwanja mzima uko mbele yake. Mbele yake kuna mgongo wa kila mwenzake na uso wa kila adui. Sishangai kwamba wengi wao huishia kuwa makocha.

Tarehe 11 Mei 2013, Wembley, fainali ya Kombe la FA, Wigan dhidi ya Manchester City. Dakika 90 zimeisha bila bao. Wigan wakapata kona. Ben Watson, aliyeingia kutoka benchi, akaupiga kwa kichwa, ukaingia. Sijui kama Lawrence aliikumbuka Bahrain wakati ule, lakini mimi niliikumbuka. Siku tatu baadaye Wigan wakapigwa 4-1 na Arsenal na kushuka daraja. Mtu huyu mmoja amelibeba kombe na kushuka daraja katika msimu mmoja mara mbili maishani, mara moja akiwa mchezaji na mara moja akiwa kocha. Ukitaka kujua mpira unamfundisha mtu nini kuhusu furaha, muulize yeye.

Alimfuata Martínez hadi Everton. Kisha Januari 2017 nchi yake ikamwita kuwa kocha mkuu, wakati ambao kampeni ya kufuzu Kombe la Dunia ilikuwa imeshaharibika. Walipofika mechi ya mwisho ya kundi, tarehe 10 Oktoba 2017, walikuwa mkiani, wameshatolewa, hawana cha kupata. Wageni wao walikuwa Marekani, waliohitaji sare tu ili waende Urusi.

Sare tu. Nchi ile ile, kwa hesabu zile zile za 1989, ila safari hii upande umegeuka. Mechi ilichezwa Couva, kwenye uwanja mdogo wa Ato Boldon ambao mvua ilikuwa imeufurisha siku chache kabla, mbele ya watu wachache mno. Dakika ya 17 beki wa kulia wa Trinidad, Alvin Jones, akapiga krosi, mlinzi Omar Gonzalez akanyoosha mguu kuokoa, mpira ukapanda juu kisha ukadondoka nyuma ya kipa Tim Howard. Ukilinganisha na lile bao la Caligiuri, ni kama mpira ule ule ulikuwa angani kwa miaka 28 na sasa umeshuka. Dakika ya 37 Jones huyo huyo, beki, akapiga shuti la mbali, la pili. Pulisic akarudisha moja mwanzoni mwa kipindi cha pili, na hapo kilichobaki kilikuwa kazi ambayo kocha wao aliijua kuliko mtu yeyote: kuzuia. Wakazuia hadi mwisho. Matokeo ya mechi nyingine yakakamilisha yaliyobaki, na Marekani ikalikosa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1986.

Yaliyofuata nayapita haraka. Timu ikakaa muda mrefu bila ushindi, na Desemba 2019 wakaachana naye. Makocha huondoka hivyo.

Alichezea taifa zaidi ya mechi 80. Nimejaribu kukadiria ni mipira mingapi aliyoiondoa kwa kichwa katika mechi hizo na zile za Wrexham na Swansea, nikaacha, kwa sababu makadirio hayo yangekuwa uongo. Nilichobaki nacho ni kile kichwa chake kule Dortmund na yule mzee mbele yangu akiuliza jina. Mzee wetu alishafariki. Ningependa kumjibu sasa.

Ile rekodi iliyowekwa Bahrain, ya nchi yenye watu wachache kuliko zote kufuzu, imeshavunjwa, kwanza na Iceland, kisha na kisiwa kingine cha Karibi, Curaçao, chenye watu takriban 150,000. Trinidad na Tobago, ikifundishwa na Dwight Yorke, ilikuwa katika kundi moja na Curaçao na ikabaki nje. Curaçao walifuzu tarehe 18 Novemba 2025 ugenini, mjini Kingston, dhidi ya Jamaica iliyohitaji ushindi. Mechi iliisha 0-0, na kwenye karatasi yake sehemu ya wafungaji ni tupu.